Gauni la Mkono Mmoja

Lawama zote baadaye zilitupiwa mashine, lakini mashine ilifanya ilivyoambiwa. Aliyetoa amri ni Fundi mwenyewe, tena kwa sauti, ana pini mdomoni na mguu juu ya cherehani.

"Mkono wa kushoto umekaa vibaya," alisema. "Utoe huo."

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Rangi tangu enzi za kuandika mabango kwa brashi, alikuwa kwenye kona ya duka, kompyuta magotini. Siku hizi hakuna anayetaka bango la brashi, kwa hiyo Rangi alijifunza kutengeneza matangazo kwa kompyuta, na alikuwa bado katika hatua ile ambapo mtu akijifunza jambo jipya, kila kitu kwake ni muujiza. Mbele yake ilikuwepo picha ya shemeji yake, mdogo wake Fundi, amesimama mlangoni pa duka amevaa gauni la buluu. Gauni lilikuwa kazi safi. Ila mkono wa kushoto ulikuwa umejikunja begani, kwa sababu shemeji mtu alikuja mbio kutoka kazini, akalivaa kabla halijapigwa pasi, na Rangi naye akampiga picha hivyo hivyo.

"Nipige nyingine?" Rangi aliuliza.

"Gauni limeshauzwa, utapiga nini? Si una hiyo akili bandia yako unayotusumbua nayo kutwa? Iambie iutoe. Liwe halina mkono upande huo, ndiyo mtindo sasa hivi."

Rangi alifurahi kuombwa. Alizungushia sehemu ile kwa kipanya kuanzia begani mpaka kiunoni, na katika kijisanduku kilichojitokeza akaandika: ondoa mkono wa kushoto, endeleza kitambaa. Kompyuta ikawaza kidogo. Kisha ikaleta gauni ambalo kitambaa chake kilishuka kutoka begani kwa mkunjo mmoja mpana, kikapita ubavuni, kikaishia kiunoni taratibu bila mshono hata mmoja. Rangi akapiga mluzi. Fundi akanyoosha shingo, akaiona picha ikiwa ndogo vile kwenye kioo, akasema hapo sawa, akarudi kwenye zipu aliyokuwa akiitia.

Hakuna aliyehesabu mikono.

Picha ilikwenda kuchapishwa, ikarudi kubwa kama mlango, ikatundikwa nje. Chini yake Rangi alikuwa ameandika kwa herufi alizozichagua kwa muda mrefu kuliko alivyomchagua mke: HAPA KILA MWILI UNA NGUO YAKE. Akaitupia pia kwenye makundi yote ya simu aliyomo, hata lile la wafugaji wa kuku.

*

Tangu duka la nguo za tayari lifunguliwe ng'ambo ya barabara, kazi ya Fundi ilikuwa imebaki kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Watu walinunua kule, wakaja kwake kurekebishiwa, tena wakinung'unika bei. Kwa hiyo mama mmoja mnene alipoingia na kusimama katikati ya duka kama mtu aliyekuja kukagua, Fundi alitazama kwanza kama ameshika suruali.

"Ndiyo hapa penye lile gauni la nje?" mama yule aliuliza.

"Ndiyo hapa, mama. Karibuni, karibuni mketi." Fundi alisukuma vitambaa kando ya benchi. Nyuma ya yule mama alikuwepo msichana amejitanda mtandio mabegani.

"Hatuketi kwanza. Kwingine tuliketi tukaondoka na maneno matupu. Huyu ni mtoto wa kaka yangu, anaolewa. Anataka gauni lile lile, kwa kitambaa cheupe. Na wasindikizaji wake wote watashonewa hapa, kama la bibi harusi likitoka. Likitoka, umenisikia?"

Fundi alisikia vizuri sana. Harusi nzima! Kodi ya chumba ilimpita kichwani, ikafuatwa na cherehani ya pili aliyokuwa akiiota, na mwishowe uso wa mwenye duka la ng'ambo akiona foleni. "Litatoka, mama. Lile nimelishona mwenyewe."

"Wenzako wote wameshindwa. Mmoja alitaka kutujazia pamba."

"Pamba ya nini?"

"Ya kutia ndani ya mkono."

Fundi hakuelewa, ila alicheka kwa adabu, kama fundi anavyocheka anaposikia mafundi wengine wanasemwa. Akachukua futi. "Njoo mdogo wangu nikupime."

Msichana alimtazama shangazi yake, kisha akashusha mtandio. Mkono wake wa kushoto uliishia juu ya kiwiko. Mkono wa blauzi ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini ya kufungia nepi.

Fundi alibaki na futi hewani. Haikuwa muda mrefu, lakini msichana aliona, maana watu wa namna hiyo alikuwa amewazoea.

"Pima tu, dada," alisema kwa upole. "Wewe si umezoea."

"Nimezoea?"

"Si unamshonea yule dada wa kwenye picha." Uso wake ulichangamka ghafla. "Siku ya kwanza nilipita nikarudi. Nilisimama pale nje mpaka mtu akaniuliza kama nimepotea. Sijawahi kuona tangazo la nguo lenye mtu kama mimi. Halafu amesimama vile, wala hajajificha! Nikamwambia shangazi, huyu fundi anajua."

Kutoka alipokuwa, Fundi aliona mgongo tu wa lile tangazo, jua likipenya na kuonyesha kivuli cha mdogo wake kwa nyuma. Akakitazama kivuli. Kilikuwa na mkono mmoja. Akaendelea kupima, bega, kifua, kiuno, kwa sababu mikono ilijua kazi yake, lakini namba alizokuwa akizitaja hakuzisikia mwenyewe.

"Naweza kuonana naye?" msichana aliuliza.

"Saa hizi yupo kazini," Fundi alijibu, na hilo angalau lilikuwa kweli.

"Basi siku ya kujaribu gauni mwite, nakuomba. Nataka aje kwenye harusi yangu. Wanaonisindikiza wote nawapenda, lakini pale kati yao sina mwenzangu. Unanielewa?"

"Nitamwambia," Fundi alisema.

Walipoondoka alitoka nje, akasimama mbele ya tangazo, akajishika kiuno. Mdogo wake alikuwa akitabasamu pale juu, mkono mmoja umeshika mlango. Wa pili haukuwepo, wala haukuonekana kama umewahi kuwepo.

*

Rangi alirudi na furaha yake, maana habari ya harusi ilikuwa imeshamfikia njiani.

"Usivue viatu," mkewe alimwambia. "Toka nje ukahesabu mikono ya shemeji yako."

Rangi alitoka akicheka. Aliporudi alikuwa hacheki. Alifungua kompyuta, akaikuza picha mpaka nyuzi zikaonekana, akaisogeza huku na huku kama mtu anayetafuta funguo.

"Labda upo nyuma ya kitambaa," alisema.

"Ungekuwa nyuma ungetuna. Unaona pametuna hapo?"

"Lakini wewe mwenyewe uliniambia nitoe mkono!"

"Wa gauni!"

"Hukusema wa gauni. Ulisema mkono."

"Sasa mimi fundi cherehani nikisema mkono nasema wa nini? Nimefungua hospitali hapa?"

"Na mashine je, inajua kama wewe ni fundi cherehani?" Rangi alisema, kisha akajuta, kwa sababu hoja yake ilikuwa nzuri na mkewe hakuwa katika hali ya kupenda hoja nzuri.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mdogo wake Fundi, mikono yake yote miwili imebeba mboga. "Jamani, shemeji, kazini leo mtu kanipa pole," alisema. "Kanishika bega, kanipa pole, kaondoka. Mnajua ni kwa nini?"

Walimweleza. Kwanza alicheka mpaka akaweka mboga chini. Walipofika kwa msichana aliyesimama nje akitazama picha, kicheko kikamkauka.

Rangi alisema dawa ni moja: mkono anaurudisha sasa hivi, tangazo linachapishwa upya, yamekwisha.

"Halafu bibi harusi apite kesho aone mkono umeota?" Fundi alimuuliza.

"Mimi nina wazo," mdogo wake alisema. Aliingiza mkono wa kushoto ndani ya blauzi, akaubana kifuani, akasimama upande. "Siku hiyo nasimama hivi hivi. Namsalimia kwa huu wa kulia, nazungumza naye kidogo, naondoka. Harusini tutasema nimesafiri. Atajuaje?"

Kwa dakika moja ya aibu, Fundi alilifikiria. Alimzunguka mdogo wake, akaangalia panapotuna, kichwani akiwa ameshaanza kupanga mtandio wa kufunikia. Halafu akamwona usoni, anavyojitahidi kusimama kama mtu asiye na mkono, na akajisikia mchafu.

"Toa mkono wako nje," alisema. "Toa. Tutamwambia ukweli."

"Akiondoka?"

"Akiondoka, ataondoka na haki yake."

Wote watatu walijua maana yake. Kazi ya harusi ingepotea, hilo moja. Na yule shangazi hakuwa mtu wa kumeza neno. Angetangaza kila kona kwamba pale kwa Fundi walemavu wanachezewa, na baada ya hapo hata zipu zisingekuja. Lakini kilichomkaa Fundi kooni hakikuwa zipu. Ilikuwa ni yule binti aliyepita, akarudi, akasimama nje akidhani hatimaye kuna mtu amemwona.

"Mpigie simu sasa hivi, tumalize," Rangi alisema.

"Nikimpigia sasa hivi sina cha kumpa ila samahani. Gauni kwanza."

*

Sasa gauni lenyewe lilikuwa halishoneki. Fundi alitandika shuka kuukuu juu ya meza ili ajaribie kukata humo kabla ya kugusa kitambaa cheupe, akamwita mumewe alete picha karibu.

"Huu mkunjo unaanzia wapi?"

Rangi alikuza, akakuza tena. "Hauanzii."

"Kila kitu kina mahali kinapoanzia."

"Huu umetokea tu, mke wangu. Mashine haishoni. Inachora kinachopendeza, basi."

Alikata shuka mara ya kwanza, mkunjo ukaporomoka. Alikata kwa mshazari, ukavuta shingo upande. Aligombana na picha kwa sauti, akamgombeza Rangi kwa kupumua, akatoka nje kupunga upepo, akarudi. Na katikati ya ugomvi huo akagundua jambo ambalo picha isingemwambia kamwe. Mashine ilikuwa imefuta mkono mzima. Bibi harusi alikuwa na nusu yake, na hiyo nusu ilitaka pa kukaa. Ingetaka kuinuka watu wakipiga vigelegele, ingetaka kujifuta jasho, ingetaka kumgusa bwana harusi.

Akaacha kuitazama picha. Aliuanzisha mkunjo nyuma ya bega, akauleta mbele ukiwa umelegea, akaacha nafasi ndani yake ya mkono kupita na kurudi, ndipo akaushika kiunoni kwa mshono unaojificha. Alilivaa mwenyewe lile shuka, akakunja mkono wake hadi kiwiko, akaupunga. Rangi alimtazama mkewe akipunga nusu ya mkono ndani ya shuka na akajua pa kunyamaza.

*

Mpango ulikuwa hivi: mdogo wake Fundi abaki kwa jirani mpaka aitwe, Fundi aseme ukweli kwanza, Rangi asifungue mdomo. Lakini shangazi mtu alikuwa mmoja wa wale wanaofika kabla ya muda ili wamkute mtu hajajiandaa.

"Tumewahi," alisema.

"Karibuni. Mama, kabla hajavaa, mimi nina neno—"

Mlango wa nyuma ukasukumwa kwa kiuno. Mdogo wake Fundi aliingia, pasi ya jirani mkono wa kulia, hanga lenye gauni jeupe mkono wa kushoto, akisema, "Dada, imeshapata moto, nianze na..." Akawaona.

Bibi harusi alimtambua palepale. Alitabasamu kwa uso wote, akapiga hatua moja mbele. Kisha macho yake yakashuka kwenye hanga.

"Ni wewe," alisema.

"Ndiye mimi." Yule mwingine aliweka pasi chini, akampa dada yake gauni, na asijue aufanyie nini mkono wake wa kushoto akauficha mgongoni. "Samahani," alisema. "Ninao."

Shangazi alitazama mmoja, akatazama mwingine, akatoka nje, akarudi.

"Mmemkata mtu mkono kwenye picha mpate wateja?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilitisha zaidi. "Mtoto wangu amewafanyia nini?"

"Hapana mama. Nilikuwa nataka kusema."

"Ulikuwa unataka! Siku ile tulipokuwa hapa ulikuwa huna mdomo?"

"Nilikuwa nao," Fundi alisema. "Niliona haya." Akamgeukia msichana, kwa sababu yeye ndiye aliyestahili kuambiwa. "Mkono wa gauni ulikaa vibaya, nikamwambia mume wangu autoe. Akaiambia mashine. Mashine ikatoa wa mtu. Hatukuona, mdogo wangu, sote hatukuona, mpaka uliposhusha mtandio wako. Ningekwambia siku hiyo hiyo. Ila uliposema huna mwenzako, nikashindwa. Nisamehe."

Msichana aliketi kwenye benchi. Alimtazama Rangi, ambaye alikuwa amejibana ukutani karibu na kompyuta yake.

"Uliandika nini?"

Rangi alimtazama mkewe kwanza. "Maneno machache tu."

"Yasome."

Akafungua, akasoma kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. "Ondoa mkono wa kushoto, endeleza kitambaa."

"Endeleza kitambaa," msichana alirudia. Akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika, na shangazi yake akamwendea haraka na kumshika, akimwambia basi mwanangu, tuondoke, tuwaachie duka lao.

"Silii, shangazi." Aliinua uso, na kweli alikuwa akicheka, machozi yapo lakini anacheka. "Mafundi wote wale, watu wazima, wana macho, wananiona nimesimama mbele yao. Huyu anataka kunitia pamba. Yule anasema tushone mkono mtupu tuufiche kwa maua. Mashine haina macho. Imeambiwa tu mkono haupo, ikaendeleza kitambaa!"

Alicheka peke yake kidogo. Halafu mdogo wake Fundi akaanza, akijaribu kujizuia na kushindwa, na Rangi akatoa sauti puani. Fundi alikuwa bado amekumbatia gauni, hajui kama amesamehewa.

"Na wewe," msichana alimwambia yule mwenzake, "acha kuuficha mkono wako huko nyuma. Hujaniibia."

Mkono ukatoka taratibu.

"Harusini nije?" mwenye mkono aliuliza. "Hata hivi nilivyo?"

"Njoo nayo yote miwili. Kuna sahani za kubeba." Msichana alisimama, akaweka mtandio kwenye benchi. "Gauni lipo au nalo ni la kompyuta?"

"Lipo," Fundi alisema.

Walimvalisha nyuma ya pazia. Fundi alifunga, akavuta, akachomeka pini pembeni mwa kiuno palipohitaji kupunguzwa. Msichana alipotoka alikwenda moja kwa moja mbele ya kioo. Aliinua mkono wake wa kushoto, ule mfupi, ukapanda chini ya mkunjo na kitambaa kikapanda nao, kikashuka nao. Akajaribu tena, haraka zaidi. Akageuka upande.

"Nguo zangu zote zinakaa kama zinasubiri kitu," alisema, bado macho kwenye kioo. "Unajua? Kama kuna kitu kitaletwa baadaye. Hii haisubiri."

Fundi alikaa kwenye kiti cha cherehani. Akapangusa macho kwa ncha ya futi. Hakuwa na haya hata kidogo.

Shangazi alimzunguka mtoto wa kaka yake. Aliinama akakagua pindo, akapitisha kidole kwenye mshono wa kiunoni akiutafuta na kutouona. Alimtazama Rangi kwa muda, Rangi akatazama sakafu. Mwisho akavua pochi begani, akaiweka mezani kwa kishindo.

"Na mimi nipimwe," alisema. "Siwezi kwenda na lile langu la zamani nikasimama pembeni ya hili. Ila mimi nina miwili, baba. Miwili. Nisije nikapita hapo nje nikajikuta sina kichwa."

"Hatagusa kompyuta, mama," Fundi alisema, akainuka na futi yake. "Nyoosha mikono."

"Yote?"

"Yote."

Shangazi akainyoosha, mikono minene mizuri iliyojaza nusu ya duka, na bibi harusi akacheka mpaka pini ya kiunoni ikamchoma.